Mkonga, Defender au Jimny: ulinganisho wa magari matatu ya mradi kwa barabara za Lindi na Mtwara

Msimu wa korosho unapoisha na malipo ya minada yanapowafikia wakulima na wafanyabiashara, swali moja hurudi katika gereji za Mtwara, Masasi, Nachingwea na Lindi: mtu anayetaka gari la kupita mahali pagumu, atakalolijenga mwenyewe hatua kwa hatua kadiri fedha zinavyopatikana, aanze na gari lipi? Majibu anayopewa mara nyingi huwa ya ushabiki. Mwenye Land Cruiser huisifia Land Cruiser, mwenye Land Rover huapa kwa Land Rover, na kijana aliyenunua Jimny mwaka jana hataki kusikia lingine. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya yule aliyekwama katikati ya sifa hizo.

Magari yanayolinganishwa ni haya. La kwanza ni Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ambayo wengi wetu tunaiita Mkonga, yenye injini ya dizeli ya 1HZ ya lita 4.2 na silinda sita. La pili ni Land Rover Defender 110 yenye injini ya 300Tdi ya lita 2.5, iliyofungwa kiwandani kuanzia 1994 hadi 1998. La tatu ni Suzuki Jimny ya kizazi cha tatu, iliyotengenezwa kuanzia 1998 hadi 2018, ama ya petroli ya lita 1.3 ama ile ndogo ya sisi 660 yenye taabo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini). Nimeyachagua kwa sababu yote matatu yana chesisi ya ngazi (fremu ya chuma iliyo peke yake chini ya bodi) na ekseli ngumu (mhimili mmoja unaobeba magurudumu yote mawili) mbele na nyuma, yaani ni magari ambayo fundi wa kawaida anaweza kuyafungua, kuyanyanyua na kuyaimarisha bila kompyuta kubwa. Hilux, Prado na Escudo ni magari mema, lakini mengi yake yana miguu ya mbele inayojitegemea, na mradi wake huenda njia nyingine. Defender mpya ya kuanzia 2020 haina chesisi ya namna hii, kwa hiyo haihusiki hapa.

Vigezo vya kupimia

Nimeweka vigezo sita, na nimevipanga kwa umuhimu wake huku kusini. Kwanza, gari linabebwaje na mchanga na tope letu. Pili, spea na mafundi wako umbali gani. Tatu, linastahimili vipi chumvi ya pwani. Nne, mafuta yake, kwa maana ya ulaji na pia upatikanaji vijijini. Tano, linaruhusu kujengwa kwa kiasi gani kabla ya kuanza kuleta matatizo mapya. Sita, litaishi vipi na familia siku za kawaida, kwa sababu gari la mradi ambalo haliwezi kumpeleka mtoto zahanati usiku huishia kuegeshwa chini ya mwembe.

Bei sikuiweka kuwa kigezo cha peke yake. Hali ya gari moja moja hutofautiana mno, na gari lililonunuliwa rahisi likiwa limeoza chesisi huwa ghali kuliko lile lililoonekana ghali siku ya kwanza. Inatosha kujua kwamba Mkonga hushikilia thamani yake kuliko wenzake, kwamba Defender mbili za mwaka mmoja zinaweza kupishana bei maradufu, na kwamba Jimny inayoagizwa Japani hubeba kodi ya TRA pamoja na ushuru wa uchakavu kwa magari ya umri mkubwa. Ni vyema kuzikokotoa kodi hizo kabla ya kulipia gari.

Mchanga na tope

Ardhi ya kusini hunasa magari kwa njia mbili. Iko ya mchanga, kama njia ya Msimbati kuelekea Mnazi Bay, na kama njia za kuingia mashamba ya mikorosho juu ya uwanda wa Makonde, kuanzia Tandahimba hadi Newala, ambako kiangazi kinapokolea gurudumu huzama katika mchanga mkavu uliosagwa na malori ya msimu. Iko pia ya mfinyanzi mabondeni, katika bonde la Ruvuma, la Mbwemkuru na katika vipande vya barabara ya Nangurukuru kwenda Liwale, ambako mvua za Desemba hadi Aprili hugeuza njia kuwa utelezi mtupu. Mei 2024, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya zilikata hata barabara kuu ya lami ya Lindi kwenda Dar es Salaam katika eneo la Somanga, na hapo kila mwenye gari alikumbushwa kwamba kusini njia ya pili mara nyingi haipo.

Katika mchanga, uzito ndio huamua. Jimny ya lita 1.3 ina uzito wa takribani kilo 1,060, wakati Mkonga na Defender 110 huanzia karibu kilo 1,900 na kupanda kwa urahisi hadi tani mbili na nusu zikishapakiwa mizigo. Ukishusha upepo wa tairi za Jimny hadi psi 15 au 16, hupita juu ya mchanga ambao gari zito lingeuchimba, na likinasa, watu wanne wanaweza kulitoa kwa mikono. Udhaifu wake ni nguvu. Injini yake haina msukumo mkubwa katika mzunguko wa chini, hivyo dereva hulazimika kuingia na mwendo na kuutunza, na ile ya sisi 660 inataka mzunguko wa juu zaidi ndipo taabo iamke. Anayesita katikati ya mchanga akiwa na Jimny hubaki pale pale.

Mkonga hufanya kinyume chake. Injini ya 1HZ haina taabo na haina haraka, lakini msukumo wake mkubwa hupatikana chini kabisa, kiasi kwamba unaweza kuweka gia nzito, ukatoa mguu kwenye klachi na kuacha gari litambae lenyewe. Tatizo ni kwamba tairi zake nyembamba na ndefu za 7.50R16, zinazopendwa sana kwa uimara, huukata mchanga badala ya kupanda juu yake. Upepo ukishushwa kutoka 35 hadi karibu 18, tairi hulala, alama yake ardhini huwa ndefu zaidi, na gari lilelile lililokuwa linachimba huanza kutembea. Kabla ya kurudi kwenye lami ni lazima upepo urudishwe, kwa sababu tairi laini kwenye mwendo mkubwa huchemka na kupasuka. Kompresa ndogo ya betri ni kifaa cha kununuliwa kabla ya taa za mapambo.

Defender 110 iko katikati, na ina sifa moja ambayo wenzake hawana: magurudumu yake yote manne huvuta wakati wote. Pia springi zake za koili mbele na nyuma huruhusu gurudumu kushuka shimoni na kubaki limegusa ardhi. Kwenye njia za mawe na makorongo ya ukingo wa uwanda wa Makonde, pale barabara inaposhuka kuelekea bonde la Ruvuma, utulivu huu unaonekana wazi. Hata hivyo dereva mgeni hukosea jambo moja, nalo ni kuingia tope bila kufunga difuloki ya kati, yaani kufuli inayolazimisha ekseli ya mbele na ya nyuma kuzunguka pamoja. Bila kuifunga, gurudumu moja likianza kuteleza huchukua nguvu yote na gari husimama huku injini ikilia bure. Ifungwe kabla ya kuingia, ifunguliwe mara tu unapopanda kwenye ardhi ngumu.

Kwenye tope, hesabu ya tairi hugeuka. Tairi nyembamba yenye kashata nzuri hukata utelezi wa juu na kutafuta ardhi ngumu chini, na hapo Mkonga na Defender huwa nyumbani. Jimny hupata shida ya aina yake katika njia ya Liwale: malori huacha mifereji miwili iliyopishana kwa upana wa ekseli ya lori, na Jimny, kwa kuwa ni nyembamba, huingiza gurudumu la upande mmoja mferejini na la upande wa pili likabaki juu ya tuta. Gari hulala upande, tumbo hugusa, na safari husimama. Anayejua njia hiyo hupita na magurudumu yote juu ya matuta, polepole, na hukubali kurudi nyuma pale inapokuwa haiwezekani.

Neno moja kuhusu ufukwe. Maji yakiwa yamekupwa, mchanga wenye unyevu ulio karibu na bahari ni mgumu na huvutia kuuendesha, lakini wakati wa bamvua maji hurudi kwa kasi na mbali kuliko mgeni anavyodhani, na gari lililonasa pale halisubiriwi na bahari. Zaidi ya hapo, Mnazi Bay ni sehemu ya hifadhi ya bahari tangu 2000, na kasa hutaga katika fukwe hizo. Gari liachwe kwenye njia, watu washuke kwa miguu.

Spea na mikono ya mafundi

Katika kigezo hiki Mkonga ina faida ambayo haifichiki. Serikali, hospitali na mashirika yametumia gari hili kwa miongo kadhaa, kwa hiyo hakuna wilaya ya kusini isiyokuwa na fundi aliyekwishafungua 1HZ. Filta, sili, beringi na klachi hupatikana Mtwara na Masasi, na kinachokosekana huagizwa Kariakoo, kikapakiwa kwenye basi na kufika kesho yake. Hatari iko kwenye spea bandia, hasa beringi na filta za dizeli, ambazo hufanana na halisi hadi kwenye boksi. Kwenye injini yenyewe, jambo la kuzingatia ni mkanda wa taimingi: ukiwa hujui ulibadilishwa lini, ubadilishe siku ulipolinunua gari, kisha uufuate kila kilomita 100,000.

Defender inahitaji mwenye moyo wa kuifuatilia. Mafundi wa makamo wanaijua vizuri, kwa sababu Land Rover zilibeba abiria na mizigo vijijini kabla ya Toyota kutawala, na gari zima limeunganishwa kwa bolti, kiasi kwamba mlango, bawa au sakafu inaweza kutolewa na spana chache. Lakini duka la spea zake kusini ni la kubahatisha. Ngome yake nchini ni Arusha, ambako mwaka 2024 lilifanyika tamasha kubwa la Land Rover, na Arusha ni mbali. Mwenye 300Tdi anapaswa kuweka akiba nyumbani: pampu ya maji, mipira ya rejeta, sili za habu, mkanda wa taimingi. Mkanda huo, kwa gari linaloishi kwenye vumbi kama letu, usipitishe kilomita 60,000. Vilevile injini hii ina kofia ya silinda ya aluminiamu na vizibo vya plastiki kwenye mfumo wa maji. Kizibo kikipasuka na dereva asitambue, injini huchemsha, kofia hupinda, na gharama yake huumiza. Vizibo vya shaba na king'ora cha kuonya maji yanapopungua ni vitu vya bei ndogo, na mimi naviona kuwa kazi ya kwanza kabisa kwa Defender yoyote inayoingia mikononi mwa mtu mpya.

Jimny ina sura mbili. Injini ya M13A ya lita 1.3 imetumika pia kwenye Suzuki Swift, kwa hiyo plagi, koili na vipuri vya injini havina shida. Vitu vya chini, yaani difu, gia boksi ya nguvu na habu, ndivyo vinavyotakiwa kuagizwa, mara nyingi vikiwa vya mtumba kutoka Japani. Ugonjwa wake unaojulikana ni habu za mbele, zile zinazounganisha magurudumu na ekseli, ambazo hufungwa kwa mvuto wa hewa: mpira au sili ikichoka, taa ya dashibodi huwaka au kumetameta, na magurudumu ya mbele hayavuti. Dawa ya kudumu ni habu za kufunga kwa mkono, kama zilizopo kwenye Mkonga nyingi. Ugonjwa wa pili ni usukani kutikisika kwa nguvu gari linapopiga shimo likiwa kwenye mwendo wa 70 au 80. Fundi atakayekimbilia kufunga shokapu mpya ya usukani atakuwa anaficha dalili. Ziangaliwe kwanza beringi za juu na chini za nako (kiungio kinachogeuza gurudumu la mbele), bushi za mikono ya mbele na balansi ya tairi.

Kuna uchunguzi mmoja unaofaa kwa magari yote matatu, na hasa kwa Defender. Piga magoti mbele ya gurudumu la mbele, geuza usukani hadi mwisho, pangusa kwa kitambaa lile tufe la chuma lililoko nyuma ya habu, kisha pitisha ukucha juu yake. Ukucha ukiteleza na kilichopo ni mafuta yanayovuja tu, sili mpya na grisi vitamaliza kazi. Ukucha ukikwama kwenye vishimo vya kutu, sili yoyote utakayofunga italiwa na vishimo hivyo baada ya muda mfupi, na bei ya tufe jipya inapaswa kutolewa kwenye bei anayoitaja muuzaji. Fanya hivyo mbele yake, bila maneno mengi.

Chumvi ya pwani

Wengi hudhani kwamba Defender haipati kutu kwa kuwa bodi yake ni aluminiamu. Chesisi ni chuma, fremu za milango ni chuma, na ukuta unaotenga injini na abiria ni chuma. Pale aluminiamu inapogusana na chuma kukiwa na unyevu wa chumvi, hutokea unga mweupe na bati huliwa taratibu. Boriti ya nyuma ya chesisi ndiyo hufa kwanza. Chukua nyundo ndogo, igonge boriti hiyo na mikono inayotoka pembeni mwa chesisi: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti iliyokufa na huangusha magamba.

Mkonga huoza kwenye mifereji ya paa, kuzunguka kioo cha mbele na sakafuni chini ya mazulia. Chesisi yake ni nene na hutoa muda mrefu zaidi wa kuokolewa. Jimny ina bati jembamba kuliko wote, na kuna jambo ambalo mnunuzi wa Mtwara anaweza asilifikirie: magari yaliyotumika kaskazini mwa Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, hufika bandarini yakiwa yameng'aa juu na kuoza chini. Omba picha za chini ya gari kabla ya kuagiza.

Kwa anayeishi Mikindani, Kilwa Masoko au Lindi mjini, kuosha chini ya gari kwa maji baridi ya bomba kila baada ya kugusa pwani ni wajibu. Desturi ya kupaka oili chafu chini ya gari siiungi mkono. Hulainisha na kuharibu bushi za mpira, na kinachodondoka huingia ardhini kwenye visima vyetu.

Mafuta

Kwa makadirio ya barabara mchanganyiko, Mkonga hutembea kilomita 7 hadi 8 kwa lita, Defender ya 300Tdi 9 hadi 10, na Jimny ya lita 1.3 hufika 11 hadi 12. Bei kikomo za kila eneo hutangazwa na EWURA kila mwezi, kwa hiyo hesabu ya safari haina fumbo. Jambo lenye uzito zaidi ni upatikanaji. Bodaboda zimeifikisha petroli karibu kila kijiji, angalau kwenye chupa, wakati dizeli vijijini hutegemea uwepo wa malori au mashine ya kusaga. Petroli ya chupa ichujwe kwa kitambaa safi na itumiwe kwa dharura tu, kwa maana pampu na nozeli za Jimny hazivumilii maji wala uchafu. Mkonga, kwa upande wake, ina tangi kubwa na injini isiyochagua sana.

Nafasi ya kujenga

Mkonga hujengwa kama gari la kazi. Springi za nyuma ni za bapa, na ukiongeza bapa moja hubeba zaidi. Toleo la kuanzia 1999 lina koili mbele, jambo linalopunguza mateso kwenye barabara za mawimbi. Bampa la chuma na winchi hukaa bila chesisi kulalamika. Nionavyo mimi, hauhitaji kunyanyuliwa zaidi ya sentimita tano, na fedha nyingine ziende kwenye rejeta, breki na tairi. Bomba la kunyonyea hewa juu (snorkel) likifungwa, viunganishi vyake vibanwe na vipakwe silikoni, na mipira ya kupumulia ya difu na gia boksi ipandishwe juu pia. Bila hivyo maji huingia kwenye difu hata kama injini inapumua salama.

Defender hupokea mabadiliko mengi zaidi ya bodi: rafu za kuhifadhia vyombo, kitanda, tangi la maji, dirisha la pembeni, vyote hufungwa kwa bolti. Kunyanyuliwa kwa sentimita tano haileti shida. Zaidi ya hapo propela (mhimili unaopeleka nguvu kwenye ekseli) hukaa kwa pembe mbaya na kuanza kutetemesha gari. Wapo wanaotoa 300Tdi na kuweka injini ya Toyota. Inawezekana, na imefanyika sana, lakini ni kazi ya fundi aliyewahi kuifanya, kwa sababu uzito wa mbele hubadilika na gia boksi ya Land Rover haikupangiwa msukumo huo. Anayeifanya aingize namba mpya ya injini kwenye kadi ya gari TRA, vinginevyo atakuwa na gari ambalo hawezi kuliuza.

Jimny hubadilika kwa fedha kidogo. Sentimita tano za springi, tairi kubwa kidogo, habu za mkono na bamba la chuma la kukinga tumbo hutosha kuifikisha mahali ambapo magari makubwa hugeuka. Tairi zake za 205/70R15 zenye kashata hazipatikani kirahisi kama 7.50R16, hivyo agiza tano kwa pamoja. Ukiinyanyua bila kurekebisha pembe ya usukani, ule mtikisiko uliotajwa hapo juu utakuja. Pia usiirundikie: uwezo wake wa kubeba, abiria wakiwemo, haufiki kilo 400, na kichanja cha mizigo juu ya paa lake fupi huifanya iyumbe kwenye kona.

Kwa gari lolote kati ya haya, kamba nzuri ya kuvutia, pingu zake na sehemu imara ya kufunga mbele na nyuma vinatangulia urembo wote. Kamba isifungwe kamwe kwenye ndoano ya kufungia gari melini wala kwenye mpira wa kuvutia tela; chuma hicho kikikatika huruka kama risasi, na kimeua watu.

Nyumbani na siku za kawaida

Defender 110 ya abiria huchukua watu tisa au hata zaidi, na hakuna lingine hapa linaloweza kubeba ukoo kwenda harusini Nachingwea kwa starehe ileile ya springi. Hupiga kelele, huingiza vumbi milangoni na joto miguuni, na mvua ikinyesha huingiza maji pia. Mkonga pikapu hukaa watatu mbele, na tani moja ya korosho au saruji nyuma. Likiwa tupu hurusharusha abiria hadi wazee hulalamika. Jimny ni la watu wawili na mizigo yao, au wanne bila mizigo. Mjini ni jepesi kuegesha sokoni, lina matoleo ya otomatiki, na mwenza wako ambaye hapendi magari makubwa ataliendesha bila kuogopa.

Gari la mradi hula fedha kwa vipande vidogo visivyoonekana, bolti leo, bushi kesho. Kaeni chini nyumbani kabla ya kununua na mkubaliane kiasi cha kila mwezi ambacho mradi hautakipita, ada na matibabu vikiwa vimeshatengwa. Miradi mingi niliyoiona ikifa imeegeshwa ilikufa kwa kukosa makubaliano hayo.

Nani achukue lipi

Mwenye shamba au biashara ya mazao Tandahimba, Newala au Liwale, anayetaka gari lifanye kazi juma zima na kumpeleka porini mwisho wa wiki, atafaa zaidi na Mkonga, hata ikimlazimu kusubiri mnada mwingine ili apate lenye chesisi nzima. Kwake siku moja ya gari kulala gereji ni hasara, na ukaribu wa spea unafidia ulaji wa dizeli.

Mwenye familia kubwa, anayependa kushika spana mwenyewe na kusafiri polepole, labda kwenda kuona kilima cha Tendaguru ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913, atapata raha katika Defender. Sharti ni kwamba awe na akiba ya spea, fundi anayemwamini, na subira ya kusubiri kifurushi kutoka Arusha au nje ya nchi. Bila vitu hivyo vitatu, asiingie.

Kijana anayeanza kazi, anayeishi mjini Mtwara au Lindi na kutaka kujifunza mchanga wa Msimbati bila kufilisika, Jimny itamfundisha mengi kwa gharama ndogo, mradi asiisafirishe Liwale wakati wa masika akiwa peke yake. Kwa kweli njia hiyo haifai kwa gari moja la aina yoyote msimu huo: nendeni magari mawili, acheni taarifa kwa mtu wa nyumbani kuhusu njia na saa ya kurudi, na bebeni maji, kwa maana mtandao wa simu hukatika kwa masafa marefu.

Anayeishi kando ya bahari na hana mahali pa kuegesha chini ya paa aanze na swali la kutu, kisha ndipo aje kwenye jina la gari. Kwake Mkonga iliyotunzwa bara, Masasi au Songea, ni bora kuliko Jimny au Defender yoyote iliyozeeka pwani. Na aliyekwishaamua, gari lolote alilochagua, kabla ya kutoa shilingi alinganishe namba ya chesisi na ya injini na zile zilizo kwenye kadi, alale chini ya gari na tochi mchana kweupe, kisha alijaribu kwenye mchanga, difuloki au habu zikiwa zimefungwa.